Marehemu Adai Paja la Kuku

Kama gazeti la wiki iliyopita lilishafungiwa maandazi kabla hujalisoma, usijali, nakupa kwa pumzi moja.

Mimi ni Serafina, Mama Careen, muuza supu wa pale stendi ya Ifakara. Mume wangu Fidel aligongwa na lori la kampuni inayotafuta mafuta chini ya bonde letu. Lilikuwa limebeba mabomba ya kuchimbia. Yeye alikuwa kwenye pikipiki anatoka Mang'ula, mkungu wa ndizi nyuma. Ilikuwa pale Lumemo, na alikata roho hapo hapo. Dereva aliruka akatokomea kwenye mpunga. Jina lake polisi wanalo, Obed, ila sura yake hapa kwetu hakuna aliyewahi kuiona.

Kampuni ikaja na pole: mchele, ng'ombe, na karatasi ya kusaini kwamba nimeridhika na sitadai tena. Nilikuwa nimeshashika kalamu. Gladness, yule binti msaidizi wa kisheria, akanipokonya kalamu akaitumbukiza kwenye sufuria la supu.

Tuliishia hapo. Supu niliiuza hivyo hivyo.

Sasa tuendelee, maana wiki hii mume wangu kafufuka.

Kwanza Gladness alinikalisha kwenye benchi la wateja akanipa darasa. Shule yangu mimi ni stendi, lakini nilimwelewa.

"Mama Careen, kesi ya ajali ni ya Jamhuri na dereva. Akifungwa, wewe huwezi kula kifungo chake. Chako ni kingine. Unadai bima ya lori. Bima ikigoma, unamshtaki mwenye lori, kwa sababu aliyemtuma dereva kazini ndiye anayebeba makosa ya dereva."

"Basi twende hata sasa hivi!"

"Huendi. Ufunguo wa milango yote miwili ni mmoja. Mahakama ikuteue kwanza msimamizi wa mirathi ya Fidel. Bila hilo wewe ni mjane tu mwenye uchungu."

"Na kampuni inasemaje?"

"Inasema siku ile lori lilikuwa limeegeshwa. Obed alijichukulia tu kwa safari zake. Wakishinda hapo, mzigo wote unamwangukia Obed, na Obed hana hata baiskeli."

Nikamwambia, "Wanatuona mafala. Mtu aibe lori aende kutembeza mabomba?"

"Ndiyo tunatafuta wa kuyasema hayo mahakamani," Gladness akajibu.

Basi ukoo ukakaa, ukanipendekeza mimi. Cheti cha kifo nikapata, ombi likapelekwa Mahakama ya Mwanzo, siku ya kusikilizwa ikapangwa. Kilichobaki ni arobaini.

Na mimi, wasomaji wangu, nyumba isiyojaa watu huniumiza kichwa, na siku zote nasema nyumba yangu haifukuzi mtu. Fidel alikuwa akisema nikiachwa peke yangu nitawakaribisha hata mbuzi wakae sebuleni. Arobaini yake niliitangaza stendi nzima, yaani makondakta, mama ntilie wenzangu, wapiga debe, na abiria wa Malinyi waliokuwa wanasubiri gari lijae.

Asubuhi ya siku hiyo alikuja kijana mtanashati, shati limenyooka, akaagiza supu. Akajitambulisha kuwa ni Mahmoud, kutoka Dar.

"Shikamoo mama. Pole kwa msiba, nimesikia."

"Marahaba, mwanangu. Umesikia wapi?"

"Mji mzima unaongea."

Hapo alinipatia. Ukiniambia mji mzima unaongea, nami naongea. Nikamweleza kila kitu, mpaka Fidel alivyokuwa anakoroma. Mwisho nikamwambia, "Leo tunamaliza arobaini. Njoo ule pilau, usiwe mgeni."

Yule kijana alikuwa mkaguzi wa kampuni ya bima, katumwa kuchunguza kama nadai kweli au naigiza. Na nilimkaribisha mwenyewe, kwa mdomo huu huu.

Sasa lazima nimtaje Beno.

Beno ana bucha pale sokoni, Mngoni wa Songea. Sisi ni Wapogoro. Mngoni na Mpogoro ni watani tangu enzi za mababu, na msiba wa Mpogoro bila mtani ni kama harusi bila bibi harusi. Siku ya mazishi Beno alijilaza kaburini akakataa kutoka mpaka apewe mbuzi. Alitukana ukoo mzima na hakuna aliyekasirika. Ndiye aliyenichekesha siku ambayo nilidhani sitacheka tena mpaka nife.

Siku ya arobaini alivaa suti ya Fidel, ile ya kaki ya harusi yetu. Akavaa kofia ya Fidel na miwani ya Fidel. Akatoka chumbani kwangu akikohoa kile kikohozi cha Fidel, mara mbili na kushika kiuno.

Ua zima likapiga vigelegele. "Fidel karudi! Fidel karudi!"

"Nimerudi!" Beno akasema, akakalia kiti cha Fidel. "Huko mlikonipeleka wanakula ugali asubuhi, ugali mchana. Nikawaambia mimi mtu wa Kilombero, nirudisheni kwenye wali!"

"Karibu mume wangu!" nikamjibu, maana ndivyo inavyotakiwa.

"Mke wangu, paja la kuku liko wapi?"

"La padri hilo!"

"Padri kafiwa na nani? Aliyekufa ni mimi! Leta paja!"

Watu walikuwa chini wanagaragara. Shangazi yangu Philomena akamjibu kwa niaba ya ukoo: "Mngoni mlafi wewe! Mlitembea kwa miguu kutoka Afrika Kusini mkikimbia kuoga!"

"Na tulipofika hapa tukawakuta Wapogoro mmejificha milimani. Mateka wetu nyie! Nikivua suti hii nawabeba wote Songea."

Mahmoud alikuwa pembeni na simu yake juu. Nilidhani anapiga picha chakula, si ndivyo walivyo vijana wa siku hizi? Nikamwonea huruma, mikono yote imeshika simu atakula saa ngapi. Nikamvuta shati: "Mwanangu, pilau linaisha."

Akaiegemeza simu kwenye ndoo ya maji, akaenda kupakua. Mimi mwenyewe nilimjazia sahani.

Kuna kitu kimoja nilikiona siku ile nikakipuuza. Beno alipokwenda nyuma ya jiko, penye ile ndoo ya maji, alimfuata mwanamume mmoja, kofia kaishusha mpaka puani, akapiga magoti mbele ya Beno. Yeye hakuwa anacheka. Beno alimtania kidogo, halafu akanyamaza. Beno! Tangu nimfahamu sijawahi kumwona kanyamaza.

Baadaye nikamuuliza, "Yule nani?"

"Mgeni wa marehemu."

"Alikuwa anasema nini?"

"Anayoambiwa marehemu hayasimuliwi, mke wangu. Mtani ni mdomo wake, na ni sikio lake pia. Ukitaka kujua, kufa."

Nikamfinya, tukacheka, nikasahau.

Tukafika siku ya mahakama. Nyumba ilikuwa bado imejaa. Mashangazi walikuwa hawajaondoka, na pia ndugu mmoja wa marehemu wa upande wa Mlimba, ambaye Beno alinitambulisha kwake jioni ya arobaini. Mtu mkimya sana, ukimsemesha anajibu kwa kichwa. Ila mchapakazi! Anaosha masufuria mpaka unajiona ndani yake, ndiyo maana watoto wanamwita Anko Masufuria. Careen hawezi kulala bila kubebwa naye. Asubuhi ile ndiye aliyeipiga pasi suti ya Fidel, kwa sababu Gladness alisema tuje nayo.

"Suti ya nini?" nilimuuliza.

"Mama, kaa nikuambie ukiwa umekaa," Gladness akasema. "Bima wameweka pingamizi. Wanasema Fidel hajafa."

"Unasemaje?"

"Wana video. Yuko kwenye kiti chake, kavaa suti yake, anadai paja la kuku. Na wewe unamwita 'mume wangu'."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika mti. Kisha nikamtazama Gladness usoni, naye hakuwa anacheka.

"Ombi likikataliwa huna usimamizi. Huna usimamizi, huna madai, si bima wala mwenye lori. Halafu wanakushtaki kwa udanganyifu. Utafungwa kwa kumuua mtu ambaye wao wanasema yuko hai."

Nikamwona Careen analelewa na mashangazi, na mimi ndani, na kampuni inaendelea kupitisha mabomba yake pale pale Lumemo.

Mahakamani tulijaa mpaka madirishani. Nusu ya stendi ilikuja, siku hiyo mabasi yalijipigia debe yenyewe. Hakimu ni mama mmoja wa makamo, miwani puani, sura ya kutotaka mchezo. Mahmoud akasimama na kompyuta yake.

"Mheshimiwa, vyeti vya kufoji tumeviona vingi. Video haidanganyi. Marehemu yupo na anakula."

"Umewahi kusikia utani wa msibani?" hakimu akamuuliza.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ila utani ninaoujua mimi ni wa Simba na Yanga. Hata siku moja sijamwona mchezaji wa Yanga kavaa suti ya marehemu akaitwa 'mume wangu'."

Watu wakaguna, wengine wakacheka. Hakimu akagonga meza. "Aitwe huyo anayekula."

Beno akapanda kizimbani. Mngoni yule akikosa adabu tumekwisha.

"Jina lako?"

"Beno, Mheshimiwa."

"Kabila?"

"Mngoni."

Hakimu akainua macho taratibu. Nikajua. Nikamshika Gladness mkono. Mungu wangu, huyu mama ni wa kwetu, wa Mahenge!

Beno naye akajua. Nilimwona anauma midomo. Nilimwona anajitahidi, jasho linamtoka. Shetani akamshinda.

"Na wewe Mheshimiwa, kwa hilo jina la ukoo mlangoni, ni Mpogoro. Shikamoo, mateka wangu."

Mahakama ikapasuka. Karani aliangusha muhuri.

"Shahidi! Hapa si kilabuni! Nitakuweka ndani kwa kudharau mahakama!"

"Mpogoro kumfunga Mngoni? Itaandikwa kwenye magazeti."

Hakimu akajifunika uso kwa jalada. Alikohoa sana, lakini mabega yalikuwa yanacheza. Alipolishusha jalada uso ulikuwa umerudi kuwa wa serikali, macho tu ndiyo yalikuwa na maji.

"Siku ya arobaini ulikuwa nani?"

"Nilikuwa Fidel, Mheshimiwa. Nikishavua suti ni Beno. Fidel tulimzika, kaburi lake nililijaribu mwenyewe kwa mgongo. Ni zuri, ila lina unyevu."

"Mleta paja," hakimu akamgeukia Mahmoud, na kabla hajaomba radhi kwa kuteleza ulimi watu walishaanza kupiga makofi. "Namaanisha, mleta pingamizi. Umesikia?"

Hapo angekaa chini. Akili ya kawaida ingemkalisha chini. Lakini Mahmoud alikuwa amevaa shati jipya na amesafiri kutoka Dar, akaona aibu kukubali kwamba alimpiga picha mcheza ngonjera.

"Mheshimiwa, naomba video ichezwe. Mahakama ione yenyewe jinsi mjane anavyomwita 'mume wangu'."

"Unataka ichezwe yote?"

"Yote, Mheshimiwa. Mwanzo mpaka mwisho."

"Wewe umeitazama mpaka mwisho?"

Mahmoud akarekebisha kola ya shati. "Sehemu muhimu zote nimezitazama."

Kompyuta ikageuzwa. Tukajiona ua zima. Beno anakohoa, watu wanapiga vigelegele, mimi nasema paja la padri. Mahakama nzima ilicheka upya kama arobaini imerudi. Hata askari wa mlangoni alijishika mbavu. Nikajisemea, Fidel, popote ulipo, umejaza nyumba.

Kisha picha ikayumba, ikatulia upande upande. Ndoo ya maji. Hapo ndipo nilipomvuta Mahmoud shati akale pilau. Simu ilibaki inarekodi peke yake.

Mgongo wa mwanamume ukaingia kwenye picha. Kofia kaishusha. Akapiga magoti.

"Karibu," Beno wa kwenye video anasema. "Umeniletea nini, au umekuja kula tu?"

"Mzee Fidel." Sauti ilikuwa ya kulia, inapaa na kukatika. "Nisamehe. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha."

Kicheko kikakatika mahakamani kama mtu kazima redio.

"Breki niliziripoti asubuhi. Nikamwambia bosi gari hili halisimami. Akasema mtambo unasubiri mabomba, nisipoendesha nirudishe funguo nikalime. Nikaendesha. Nilikuona, mzee. Nilikanyaga, haikushika. Nilikanyaga tena."

Machozi yalinitoka bila kuniomba ruhusa. Siku zote zile nilimchukia mtu asiye na sura, na sasa alikuwa na mgongo, na mgongo wenyewe ulikuwa unatetemeka.

Mahmoud alikuwa amesimama. Mkono wake ukaenda kwenye kompyuta.

"Mheshimiwa, naomba kuiondoa video hii, si sehemu ya..."

"Toa mkono," hakimu akasema. "Uliileta mwenyewe. Ulisema haidanganyi. Ulisema yote."

Gladness alikuwa amenishika bega mpaka linauma. Akaninong'oneza, "Alitumwa! Mama, umesikia? Alitumwa! Lori halikuibwa!"

Kwenye video Beno amevua miwani ya Fidel. Sauti yake si ya utani tena.

"Mimi nimekusamehe. Lakini mke wangu je? Nenda ukaseme."

"Nikisema nitafungwa. Nina woga, mzee."

"Basi kama huna moyo wa kusema leo, kaa pale ambapo moyo utakuotea."

Hapo mkono wenye sahani ya pilau ukatokea, ukachukua simu. Video ikaisha.

Hakimu alivua miwani. "Hili la marehemu kuwa hai nimelimaliza. Pingamizi limetupwa. Usimamizi wa mirathi anapewa mjane." Kabla vigelegele havijaanza akanyanyua kalamu. "Lakini mgongo hautoi ushahidi. Mama huyu akienda kumshtaki mwenye lori, watasema huyo aliyepiga magoti ni mcheza ngonjera mwingine. Shahidi, yule mtu yuko wapi?"

Beno akatazama chini. "Beno hajui, Mheshimiwa."

"Usinichezee!"

"Sichezi. Aliyeambiwa ni Fidel. Beno akisema, atakuwa kaiba siri ya marehemu, na Mngoni haibi kwa maiti." Akanyanyua uso. "Marehemu ndiye anayejua."

Mahmoud akafungua mdomo, akaufunga. Nafikiri alikuwa ameanza kujifunza.

Hakimu wa Mahenge akatazama mafaili, akatazama saa ya ukutani, akamtazama mtani wake. Akashusha kalamu mezani.

"Suti iko wapi?"

Gladness akanifinya. Nikafungua mfuko wa rambo, nikatoa koti la kaki. Lilikuwa limenyooka, mikunjo ya pasi mikali kama wembe. Likapita mkono kwa mkono, stendi nzima wakilishika kama sanda, mpaka kizimbani.

Beno akalivaa. Akakohoa, mara mbili, akashika kiuno.

Naapa, wasomaji wangu, nywele zilinisimama.

Akanigeukia mimi, si hakimu. Akasema kwa ile sauti ya Fidel ya kunieleza jambo nisilolipenda, ya chini, ya kubembeleza.

"Mama Careen. Si ulisema nyumba yako haifukuzi mtu?"

"Ndiyo, mume wangu," nikasikia mdomo wangu unajibu.

"Obed yuko nyumbani. Koti hili kalipiga pasi yeye. Na mtoto umemwachia nani asubuhi ya leo?"